Ngome Iliyohamwa na Jina Lake: Kalenga, Tosamaganga na Usomaji wa Mabaki ya Uhehe

Kalenga ni kijiji kilichopo umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mgeni anayefika hapo akiwa amesoma kwamba ndipo palipokuwa na Lipuli, ngome kuu ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe, hutafuta kwa macho kile ambacho neno ngome limemfundisha kukitarajia: minara, malango, kuta zilizobomoka nusu. Havioni. Anachokiona ni mashamba ya mahindi, nyumba za matofali, miti, Mto Ruaha Mdogo ukipita jirani, na makumbusho madogo yenye makaburi ya watawala uani. Mabaki ya ukuta yapo, lakini ni machache, tena yamejificha miongoni mwa makazi na mashamba, na mtu asiyeonyeshwa anaweza kuyaruka akidhani ni tuta la kawaida.

Insha hii inatetea hoja moja. Karibu kila kitu kilichoifanya Kalenga iwe maarufu kimehamishwa: jina lake lilipelekwa mahali pengine, fuvu linalohifadhiwa hapo lilisafirishwa na kurejeshwa kwa njia yenye mashaka, na kumbukumbu ya kuanguka kwake imetundikwa katika jina la kilima kingine. Kilichobaki mahali pake ni ukuta peke yake, na ukuta huo ndio tulioushughulikia kidogo kuliko vyote. Mwanahistoria anayeizuru Kalenga hana budi kuuanza uchunguzi wake chini, kwenye udongo na mawe, kabla hajaingia ndani ya makumbusho. Kwa kawaida tunafanya kinyume.

Tuanze na jina. Katika Kihehe, lilinga ni ngome au boma lenye ukuta, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba jina Iringa limetokana na neno hilo. Iringa ya kwanza, kwa hiyo, haikuwa mji ulio juu ya mlima tunaoufahamu leo. Ilikuwa Kalenga yenyewe. Mwaka 1896 Tom von Prince, afisa wa Kijerumani ambaye Waafrika walimwita Bwana Sakarani, alianzisha kituo kipya cha kijeshi katika nyanda za juu, na kituo hicho kikachukua jina la ngome iliyokwisha kubomolewa. Hivyo maandishi ya Wajerumani yakawa na Iringa ya kale na Iringa mpya. Mtindo huu si wa ajabu katika historia ya ukoloni, kwa kuwa mshindi huona faida kukalia jina la aliyeshindwa. Lakini matokeo yake kwa elimu ya leo ni makubwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayeambiwa kwamba Wajerumani waliiteka Iringa mwaka 1894 huona katika fikra zake mji wa sasa, wenye soko lake la zamani na majengo ya boma la Kijerumani, ilhali hakuna hata jengo moja kati ya hayo lililokuwapo siku ya vita. Jina limemwongoza kwenye kilima kisicho chenyewe.

Ukuta wa Lipuli ulijengwa kwa mawe na udongo mwishoni mwa miaka ya 1880, na kazi iliendelea hadi mwanzoni mwa muongo uliofuata. Vitabu vinavyoutaja urefu wake havikubaliani: vipo vinavyozungumzia kilomita chache tu kuuzunguka, na vipo vinavyopita kilomita 10. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa makosa ya uchapaji. Inaonyesha kwamba waandishi wamekuwa wakinukuliana kwa miaka mingi bila mtu kushika kamba na kupima.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ukuta ulijengwa dhidi ya nani? Simulizi iliyozoeleka husema ulijengwa kumzuia Mjerumani, na mwisho wa habari huifanya simulizi hiyo ionekane kweli. Hata hivyo, tukitazama miaka iliyotangulia, picha inabadilika. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe kwa vita, na alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870 nchi ilitumbukia katika ugomvi wa urithi ambao Mkwawa aliushinda kwa damu nyingi. Katika kipindi hichohicho Wahehe walipigana na Wangoni kwa miaka kadhaa, na upande wa magharibi walikuwa na uadui wa muda mrefu na Wasangu wa Merere. Wasangu nao, baada ya kusukumwa na Wahehe kutoka katika bonde la Usangu, walihamia Utengule Usongwe, jirani na ilipo Mbeya ya leo, na wakajizungushia kuta. Ujenzi wa ngome kubwa ulikuwa, kwa hiyo, lugha ya kisiasa iliyoeleweka kote katika Nyanda za Juu Kusini kabla ya bendera ya Kijerumani kufika. Ukuta wa Kalenga ni jibu kwa mikuki na bunduki za gobori. Unasimulia hofu za miaka ya 1870 na 1880 kuliko za mwaka 1894.

Jambo hili linatusaidia kuelewa kilichotokea baadaye. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, kiasi cha kilomita 25 mashariki ya Iringa ya leo, jeshi la Wahehe lilivizia msafara wa Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wazungu wengine 9 na mamia ya askari na wapagazi. Ushindi huo ulipatikana kwa sababu adui alikuwa njiani, amejipanga mstari mrefu, na Wahehe walikuwa ndani ya majani na mawe ya nchi waliyoijua. Miaka mitatu baadaye hali iligeuka. Gavana Friedrich von Schele aliikabili Kalenga akiwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 askari wake waliuvunja ulinzi na kuingia ndani. Walikuta akiba kubwa ya pembe za ndovu na baruti, wakaiteketeza ngome. Safari hii aliyesimama mahali pamoja alikuwa Mkwawa. Mapigano ya ndani ya kuta yalikuwa makali, na si mbali na makumbusho lipo hadi leo kaburi la afisa wa Kijerumani aliyeuawa siku ile. Lakini ukuta uliotosha kumzuia Mngoni haukutosha kuzuia kombora.

Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, kosa la kimbinu halikuwa kujenga ngome. Lilikuwa kuiamini baada ya Lugalo. Na ushahidi wa kwamba Mkwawa mwenyewe alilitambua hilo ni mwenendo wake baada ya kuanguka kwa Lipuli: hakujenga tena. Kwa karibu miaka minne aliishi kwa kuhamahama, akilindwa na watu waliokataa kumtaja hata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na kuahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Ngome ya kweli ya Uhehe kati ya 1894 na 1898 ilikuwa vinywa vilivyofungwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kilima cha Tosamaganga. Kipo upande wa pili, mwendo wa kilomita chache kutoka Kalenga, na juu yake limesimama kanisa kubwa la misheni, pamoja na hospitali na shule. Mkazi wa pwani anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hufikiri juu ya kutosa kitu majini. Kwa Mhehe maana ni nyingine: kutosa ni kutupa, na amaganga ni mawe. Tosamaganga ni mahali pa kutupa mawe. Masimulizi yanayorudiwa katika eneo hili, na ambayo wageni huambiwa mara kwa mara, husema kwamba Wajerumani waliweka mizinga yao juu ya kilima hicho na kuipiga Kalenga, na wenyeji, ambao hawakuwa na neno la kombora, wakasema wageni wanatupa mawe.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama jina halikuwepo kabla ya 1894. Majina ya milima yenye neno mawe ni mengi katika nyanda hizi zenye majabali, na hadithi za asili ya majina zina tabia ya kujitafutia tukio kubwa lililo karibu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, thamani ya masimulizi haya haitegemei tarehe ya jina. Itegemee kwanza swali la mahali alipo msimuliaji. Anayesema wanatupa mawe hasimami kilimani kando ya mzinga. Yuko chini, ndani ya ukuta, na anaona vitu vikianguka kutoka juu. Taarifa za kijeshi za Wajerumani zinaitazama ngome kutoka nje, kwa kipimo cha umbali na idadi ya makombora. Jina la kilima ni maelezo ya vita kutoka ndani ya Lipuli, ya watu ambao hawakuandika ripoti. Mwanahistoria hapati vyanzo vingi vya namna hiyo kwa tukio la tarehe 30 Oktoba, na akikipata kimoja katika ramani ya kawaida ya barabara hana haki ya kukipuuza kwa sababu kinaitwa hekaya.

Historia ya misheni yenyewe inaongeza uchungu katika jina hilo. Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bavaria, walianzisha kituo cha Tosamaganga mwaka 1897. Tarehe hii inastahili kusomwa kwa makini. Mkwawa alikuwa bado hai. Nduguye Mpangile, ambaye Wajerumani walikuwa wamemtawaza mwishoni mwa mwaka uliotangulia, alinyongwa nao mapema mwaka huohuo. Wamonaki walijenga nyumba ya sala na kazi juu ya kilima cha mizinga wakati msako ulikuwa unaendelea katika misitu na mapango yaliyowazunguka. Sitaki kusema kwamba walikuwa mkono wa jeshi. Hali ilikuwa na sura nyingi kuliko hiyo, na kizazi kimoja baadaye misheni ilikuwa imekuwa mahali pa kujifunzia kusoma na kupatia tiba kwa Wahehe wengi. Lakini mtu wa Kalenga aliyenusurika mwaka 1894 na kuinua macho mwaka 1897 aliona ujenzi ukiinuka mahali palepale ambapo, kwa simulizi yake, mauti yalitokea.

Wamonaki hao nao walitoka katika jadi iliyoyajua magofu. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga abasia zake na kutwaa mali zake. Shirika la St. Ottilien, lililoanzishwa mwaka 1884, lilizaliwa katika uamsho uliofuata uharibifu huo. Uingereza ilikuwa imetangulia: kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alivunja nyumba zote za wamonaki, na hadi leo abasia kama Fountains na Rievaulx zimesimama bila paa, kuta zake zikiwa wazi kwa mvua na kwa watalii. Anayezuru magofu hayo huona mifupa ya jengo. Anaweza kutembea kutoka kanisani hadi bwaloni, akahesabu nguzo, akajua wapi mtu alilala na wapi alikula. Hekaya zipo pia, za hazina zilizofichwa na za wamonaki wanaoonekana usiku, lakini jengo lipo ili kuzidhibiti hekaya. Kalenga tumefanya kinyume: jengo limeachwa litoweke, na mfupa wa mtu mmoja umewekwa mahali pake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na Waitaliano wa shirika la Consolata wakaichukua kazi ya Tosamaganga. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyolifanya fuvu la Mkwawa kuwa jambo la kimataifa.

Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, alipokuwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake. Sajini Merkl, aliyekuwa akimfuatilia, alikuta miili miwili imelala. Akadhani Mkwawa yu hai, akafyatua risasi, kisha akagundua kwamba alikuwa amekwisha kufa. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Iringa kwa Tom von Prince. Kilichofuata baada ya hapo ni giza, na katika giza hilo siasa ilijenga nyumba. Mnamo Novemba 1918 Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza katika nchi iliyotekwa, alipendekeza fuvu lirejeshwe, akiona kwamba kitendo hicho kingewapa Wahehe ishara ya wazi kwamba utawala wa Kijerumani umekwisha. Pendekezo lake likaingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani ikabidhi, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Kifungu hichohicho kinaitaka irejeshe kwa mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Othman. Ni vigumu kupata mahali pengine katika sheria za mataifa ambapo mtawala wa Nyanda za Juu Kusini na khalifa wa tatu wa Uislamu wameketi katika sentensi zinazofuatana.

Ujerumani ilijibu kwamba haikuwa na ushahidi wa fuvu hilo kufikishwa kwake. Shauri likalala zaidi ya miaka 30, hadi Gavana Edward Twining alipolifufua. Mwaka 1953 alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati yake yalihusishwa na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alikuwa amechukua vipimo vya kichwa cha Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wa mafuvu na vipimo hivyo, na kwa kutafuta alama ya risasi, alichagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Adam Sapi hapa Kalenga, mbele ya umati mkubwa.

Uwiano wa kichwa hauwezi kumtambulisha mtu mmoja. Maelfu ya watu wasio na undugu wanao uwiano uleule. Tundu la risasi, katika mafuvu yaliyokusanywa wakati wa vita vya ukoloni, si alama ya pekee hata kidogo. Watafiti kadhaa wameonyesha mashaka haya, na hakuna sababu ya kuyaficha. Swali ninalotaka kulisisitiza ni la mwaka. Mwaka 1954 vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto nchini Kenya, na chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam wiki tatu baada ya sherehe ya Kalenga. Serikali iliyotoa fuvu ilikuwa na haja ya urafiki wa Wahehe, ambao sifa yao ya kivita iliwafanya watafutwe sana jeshini na polisi. Zawadi ya aina hiyo hailazimiki kuwa kweli ili ifanye kazi.

Nasema haya bila kudharau heshima ambayo fuvu hilo limepewa. Ukoo na wananchi waliolipokea walilipa maana ambayo Bremen haikuwa nayo, na Adam Sapi, aliyelipokea akiwa chifu chini ya wakoloni, aliliongoza Bunge la nchi huru akiwa Spika kwa miaka mingi. Fuvu limekuwa kaburi la wote waliokosa kaburi. Lakini linapokuwa ndilo kiini cha ziara, mgeni huingia ndani, husimama mbele ya sanduku la kioo, hutazama ngao na mikuki, husikiliza maelezo, kisha hupanda gari kuelekea Ruaha akiwa amekaa ndani ya Lipuli kwa saa nzima bila kuiona.

Uthibitisho wa kwamba ardhi ina mengi kuliko tunavyoiuliza upo Mlambalasi. Wanaakiolojia, wakiwamo wa mradi ulioongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, walichimba katika pango lililo karibu na mahali Mkwawa alipofia, na wakapata mifupa ya watu wa Zama za Mawe za Mwisho, waliozikwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo jina Uhehe. Isimila, karibu na Iringa, nayo imechimbwa tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya shoka zake za mawe za kale sana. Yaani tumeyafahamu makazi ya watu wa mbali kabisa katika wakati kwa uangalifu mkubwa kuliko makazi ya babu wa babu zetu. Upande wa Mbeya hali ni hiyohiyo. Utengule Usongwe hutajwa zaidi kwa misheni ya Wamoravian iliyoanzishwa katika miaka ya 1890 kando ya makao ya Merere kuliko kwa kuta za Wasangu zenyewe, ingawa bila kuzilinganisha kuta hizo mbili hatuwezi kujua nani alijifunza ujenzi kwa nani.

Kazi inayotakiwa Kalenga haihitaji fedha nyingi mwanzoni. Inahitaji watu wawili au watatu, kipimo cha setilaiti cha mkononi, na msimu mmoja wa kiangazi baada ya mavuno, wakati mabua yameondolewa na tuta la ukuta linaonekana kwa urahisi zaidi. Inahitaji kutembea na wenye mashamba, kwa kuwa wao ndio wanaojua jembe linapogonga mawe yaliyopangwa na linapogonga mawe ya kawaida, na kuandika kila jina la kitongoji, kijito na kichuguu kama wao wanavyolitamka kwa Kihehe. Kazi hiyo ifanyike bila kumhamisha mtu yeyote: Lipuli ilikuwa mji wa watu kabla ya kuwa gofu, na watu wamerudi kuishi humo. Kila mwaka mashamba hulimwa upya, na kila jembe linalopita huondoa kidogo cha kile tulichokuja kukipima.